Vikongwe vya Mpakani: Rekodi za Vitu vya Kila Siku, Kutoka Soko la Busia na Malaba

Siku ya soko Busia, au pale Malaba ambapo matrela hupanga foleni kusubiri zamu ya kuingia Uganda, biashara imejaa vitu visivyomshangaza mtu: visu, mikeka ya mafunjo, shanga, vyungu, mafurushi ya mitumba, majembe, marundo ya kunde na wimbi, vifurushi vya noti na baiskeli. Bei yake kila mtu anaijua, maana hupigiwa kelele tangu alfajiri. Umri wake ndio haujulikani.

Tumevipanga kwa rekodi. Kila kitu tumekitafutia mfano wa kale zaidi uliochimbuliwa duniani na kupimwa umri, kisha mfano ulio karibu zaidi na mpaka huu. Msomaji akumbuke jambo moja kabla hatujaanza: jiwe halili mchwa. Kamba, ngozi, majani na mbao huoza, kwa hiyo rekodi hutunzwa na kilichodumu, hata kama hakikuwa cha kwanza kutengenezwa.

Kikongwe kuliko vyote: kisu

Hakuna bidhaa sokoni inayoukaribia umri wa kisu. Mwaka 2011 kikosi cha watafiti kikiongozwa na Sonia Harmand na Jason Lewis kilikosea njia magharibi mwa Ziwa Turkana, kikajikuta mahali paitwapo Lomekwi. Hapo waliokota mawe yaliyogongwa kwa makusudi ili yabanduke vipande vyenye makali. Taarifa yao ya mwaka 2015 iliyapa umri wa miaka milioni 3.3. Hiyo ni takriban miaka nusu milioni kabla ya mabaki ya kale zaidi yanayojulikana ya jenasi yetu, Homo.

Karibu zaidi na Busia kuna Nyayanga, katika Rasi ya Homa kwenye Ghuba ya Winam. Taarifa iliyotoka mwaka 2023 ilieleza mawe ya kukatia na ya kupondea yenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3.0, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kuchinjwa. Hiyo ndiyo bucha kongwe zaidi ya kiboko inayojulikana. Palipatikana pia meno ya Paranthropus, jamaa wa kale ambaye si babu yetu wa moja kwa moja, na hivyo hakuna wa kuapa kwamba kisu ni uvumbuzi wa ukoo wetu peke yetu.

Utafiti mwingine wa Nyayanga, wa mwaka 2025, ulionyesha kuwa baadhi ya mawe yalibebwa kutoka hadi kilomita 13. Mawe ya karibu yalikuwa laini mno, kwa hiyo yaliyo magumu yakafuatwa mbali. Kanda hii ya Ziwa, basi, ilianza kusafirisha bidhaa bora miaka milioni 2.6 iliyopita, kabla ya lori la kwanza kukwama Malaba.

Useremala wa kale zaidi: mbao zilizounganishwa

Mafundi wa kando ya barabara hupanga vitanda na makabati nje ya karakana ili mpita njia ashawishike. Msingi wa kazi yao ni kuchonga pengo katika kipande kimoja ili kingine kikae humo kisiteleze. Mfano wa kale zaidi wa ufundi huo ulipatikana kwenye Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Ni magogo mawili, moja limelazwa juu ya jingine na kushikwa na pengo lililochongwa kwa zana za mawe. Umri wake ni miaka 476,000, kwa mujibu wa taarifa ya mwaka 2023 ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzake.

Maji yaliyoloanisha udongo wa Kalambo ndiyo yaliyoyanusuru magogo hayo. Ushahidi wa kale zaidi wa Homo sapiens hauzidi sana miaka 300,000, na kwa hiyo seremala wa Kalambo alikuwa binadamu wa aina nyingine kabla yetu.

Malazi ya kale zaidi: nyasi juu ya majivu

Mikeka inayouzwa Busia husukwa kwa mafunjo ya vinamasi na kingo za mito inayomwaga maji Ziwa Victoria. Mafunjo hayadumu, kwa hiyo mkeka wenyewe hauna rekodi ndefu. Malazi ya nyasi yanayo. Katika Border Cave, pango lililo Afrika Kusini hatua chache tu kutoka mpaka wa Eswatini, Lyn Wadley na wenzake walikuta matandiko ya nyasi yenye umri wa miaka 200,000. Walitangaza matokeo yao mwaka 2020.

Kinachovutia ni usafi wa waliolala humo. Nyasi zilitandazwa juu ya tabaka la majivu, na majivu huwazuia wadudu watambaao wasimfikie aliyelala. Katika majivu hayo mlikuwa na mabaki yaliyoungua ya mti wa jamii ya leleshwa, ambao hadi leo hutumiwa na watu wa Afrika Mashariki kufukuza wadudu. Anayenunua dawa ya mbu madukani anaendeleza desturi hiyo kwa gharama kubwa zaidi.

Pambo la kale zaidi: shanga

Shanga za kiunoni, za shingoni na za mkononi huuzwa hapa kwa uzi au kwa kipimo. Rekodi ya dunia inashikiliwa na pango la Bizmoune, Moroko: magamba 33 ya konokono wa baharini yaliyotobolewa, yenye umri wa kati ya miaka 142,000 na 150,000. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021.

Rekodi ya Kenya iko Kilifi. Katika pango la Panga ya Saidi ulipatikana ushanga wa gamba la baharini wenye umri wa kati ya miaka 63,000 na 67,000 hivi. Ni pango hilohilo lililotoa kaburi la mtoto aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko mengine yote ya binadamu wa aina yetu yaliyopatikana Afrika hadi lilipotangazwa mwaka 2021. Huku bara, Enkapune ya Muto karibu na Naivasha, watu walitoboa maganda ya mayai ya mbuni kuwa shanga takriban miaka 40,000 iliyopita.

Daftari la kale zaidi: mfupa wenye mikato

Mbadilishaji fedha wa mpakani hushika vifurushi vya shilingi za Kenya mkono mmoja na za Uganda mkono mwingine, na kikokotoo kimemning'inia shingoni au kimelazwa mapajani. Hesabu yake ina mizizi mirefu. Ile Border Cave ya nyasi ilitoa pia mfupa wa nyani wenye mikato 29, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 43,000 hivi.

Mfupa maarufu zaidi ni wa Ishango, mahali ambapo Mto Semliki hutoka Ziwa Edward, Kongo, karibu kabisa na mpaka wa Uganda. Jean de Heinzelin, mwanajiolojia kutoka Ubelgiji, aliuchimbua mwaka 1950. Una umri wa miaka 20,000 hivi na safu tatu za mikato iliyopangwa kwa mafungu. Ukijumlisha safu mbili, kila moja inatoa 60. Ya tatu inatoa 48. Katika safu moja mafungu yamepangwa 11, 13, 17 na 19. Wapo wanaosema ni kalenda ya mwezi, wapo wanaosema ni mchezo wa hesabu. Mfupa wenyewe uko Brussels, na Ishango imebaki na jina.

Chombo cha udongo cha kale zaidi: chungu kabla ya shamba

Vitabu vya shule vilizoea kufundisha kwamba watu walilima kwanza, ndipo wakafinyanga vyungu vya kuhifadhi mavuno. Pango la Xianrendong katika mkoa wa Jiangxi, China, lilipindua mafundisho hayo. Vigae vyake vina umri wa miaka 20,000, na waliovifinyanga walikuwa wawindaji. Kilimo kilichelewa kwa maelfu ya miaka baada yao.

Kanda ya Ziwa ina kisa cha namna hiyo. Wavuvi na wawindaji walioishi kando ya maji walifinyanga vyungu vilivyotiwa nakshi kwa kugandamiza, ambavyo wanaakiolojia huviita Kansyore, kwa jina la kisiwa katika Mto Kagera. Vya kale zaidi vimepita miaka 7,000. Wenye vyungu hivyo hawakuwa na shamba. Walikuwa na samaki, konokono na nyama ya mwituni.

Baadaye vikaja vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali katika Kaunti ya Siaya. Kasisi Walter Owen wa kanisa la Anglikana alivikusanya vigae vyake, na mwaka 1948 taarifa ikatoka kwa majina yake na ya Louis na Mary Leakey. Alama ya vingi ni kibonyo kitakoni, alama ya kidole cha mfinyanzi. Vyungu vya aina hiyo vimepatikana Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kagera na mashariki mwa Kongo. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilikuwa na mtindo wake wa vyungu miaka 2,000 kabla ya mtu kuandika mkataba.

Mrija wa kale zaidi: wa dhahabu, na mrefu kuliko mkono

Hapa Malaba iko mbele ya miji mingi, kwa kuwa kitu chenyewe kingali kinatumika. Wateso wa pande zote mbili za mpaka hunywa ajon, pombe ya wimbi, wakiwa wameketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Waganda wengi huiita malwa. Maji ya moto huongezwa chunguni kadiri pombe inavyopungua, na ncha ya mrija hufungwa kichujio kidogo ili makapi ya wimbi yasipande mdomoni.

Mwaka 1897 mwanaakiolojia Mrusi Nikolai Veselovsky alifukua kaburi la mtu mkubwa huko Maikop, Kaukazi. Kando ya maiti palikuwa na mabomba manane membamba ya dhahabu na fedha, kila moja zaidi ya mita moja, manne yakiwa na sanamu ndogo za fahali. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu walidhani ni fimbo za enzi, au nguzo za kushikilia paa la kitambaa. Mwaka 2022 Viktor Trifonov na wenzake walichunguza kichujio kilichokuwa kwenye ncha ya bomba moja wakakuta chembe za wanga wa shayiri. Ilikuwa mirija ya pombe, ya zaidi ya miaka 5,000, ya kale kuliko yoyote iliyopatikana. Kaburini mlikuwa na chungu kinachoingia lita 32: wanywaji wanane na chungu kimoja.

Mzee yeyote wa Malaba angelitambua bomba lile siku ya kwanza, kwa kuiona ile ncha. Miaka 125 ya mjadala ingeokolewa kwa kumwita mtu mmoja anayejua kunywa ajon. Rekodi za pombe yenyewe zinarudi nyuma zaidi: katika pango la Raqefet, Israeli, yamepatikana mabaki ya uchachushaji wa nafaka yenye umri wa miaka 13,000 hivi.

Nguo ya kale zaidi: mtumba halisi

Wafanyabiashara wa mitumba wasione haya tena. Vazi la kale zaidi la kufumwa lililosalia duniani ni gauni la kitani la Tarkhan, Misri, lililotengenezwa kati ya mwaka 3482 na 3102 kabla ya Kristo. Flinders Petrie alilichimbua mwaka 1913 likiwa ndani ya rundo la matambara machafu, na hakuna aliyelitilia maanani. Lilikaa katika furushi hilo miaka 64 hadi wahifadhi wa London walipofungua bunda mwaka 1977 wakaona shingo, mikono na mapindo.

Viwiko na makwapa vina mikunjo ya kuvaliwa, na lilikuwa limegeuzwa ndani nje, kama vile mwenyewe alivyolivua kwa kulipitisha kichwani. Sifa zote za mitumba zimetimia: lilivaliwa, likafungwa bunda, likavuka bahari, likaja kujulikana thamani yake na aliyekuwa mvumilivu wa kupekua. Wachuuzi wa Busia wanaofungua mabelo asubuhi wanaijua kazi hiyo vizuri.

Chuma: jembe la Samia

Chuma cha kwanza kufuliwa na binadamu hakikutoka ardhini. Ni shanga tisa kutoka Gerzeh, Misri, za miaka 5,200 hivi, zilizofuliwa kutokana na vimondo vilivyoanguka kutoka angani. Kuyeyusha mawe yenye madini hadi yatoe chuma kulikuja baadaye, na Maziwa Makuu yana sifa kubwa katika kazi hiyo. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kuhusu Buhaya, Kagera, ambako wafuaji wa zamani walizalisha chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Siri yao ilikuwa kuingiza mirija ya mivukuto ndani kabisa ya tanuri, hata hewa ikapata moto kabla ya kuyafikia makaa.

Bingwa wa upande wetu ni Samia, kusini mwa Kaunti ya Busia. Vilima vyake vina mawe ya chuma, na Wasamia walijulikana mbali kwa majembe, mikuki na visu. Jembe la Samia lilinunuliwa na Waluo, na Waluhya wa koo nyingine, na watu wa upande wa Busoga. Lilitumika shambani, likatumika kulipia bidhaa, likahesabiwa katika mahari. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya ndiyo yaliyozima tanuri hizo katika enzi ya ukoloni. Leo fundi wa jua kali hafuati tena mawe kilimani. Hufua springi za magari yaliyochakaa. Ujuzi wa moto na nyundo umebaki, malighafi imebadilika.

Kunde kongwe zaidi ya Afrika Mashariki: Kakapel

Rekodi hii haihitaji safari ya mbali. Kakapel ni mwamba mkubwa wenye kivuli katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, si mbali na Malaba. Wengi huufahamu kwa michoro yake: duara za mviringo mmoja ndani ya mwingine zinazohusishwa na wawindaji wa kale, kisha ng'ombe wenye pembe ndefu waliochorwa na wafugaji waliokuja baadaye. Chini ya michoro hiyo udongo umehifadhi zaidi ya miaka 9,000 ya watu kuishi hapo, wakiwemo wale wa vyungu vya Kansyore.

Kikosi kilichojumuisha Emmanuel Ndiema wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Natalie Mueller wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, na Steven Goldstein wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilichimba hapo na kuchapisha matokeo Julai 2024. Mbinu yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: udongo humwagwa katika maji, mbegu zilizogeuka mkaa zikaelea, zikachotwa na kukaushwa. Kunde moja ilipopimwa umri wake wenyewe, jibu likawa miaka 2,300. Ndiyo zao la shambani la kale zaidi lililothibitishwa kwa namna hiyo katika Afrika Mashariki ya ikweta.

Walikuta pia mtama, na mamia ya mbegu za wimbi za angalau miaka 1,000. Wakakuta njegere moja, imeungua lakini ni nzima, zao ambalo hakuna aliyetarajia kulikuta kwa wakulima wa kale wa hapa. Sasa tazama mbegu hizo zilikotoka. Kunde asili yake ni Afrika Magharibi, na huenda ililetwa na wakulima wenye vyungu vya Urewe. Mtama uliteremka kutoka kaskazini mashariki; mashariki mwa Sudan ulikuwa ukilimwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wimbi ni wa Afrika Mashariki hii hii.

Watu nao walipishana. Mwaka 2020 ilichapishwa DNA ya watu watatu waliozikwa Kakapel. Wa kwanza, wa miaka 3,900 hivi iliyopita, alikuwa wa jamii za wawindaji. Wawili wengine, wa miaka 900 na 300 hivi, walikuwa na nasaba tofauti na yake. Mama muuza nafaka wa Malaba anayepanga kunde, mtama na wimbi kwenye mikebe mitatu anauza mchanganyiko uleule uliokutana kwenye mwamba huo, na kijiko chake cha kupimia bado hakiulizi mteja ametoka upande gani.

Sarafu iliyosafiri mbali zaidi kutoka kwetu

Kabla ya shilingi, masoko ya Busoga na Buganda yalitumia kauri, magamba ya baharini yaliyobebwa kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi ndani ya bara. Noti za serikali zilizotangulia zote zilitolewa Sichuan, China, mwaka 1024. Lakini taji la safari ni la Kilwa. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache katika mchanga wa Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Tano kati yake zilikuwa shaba ya masultani wa Kilwa, iliyotengenezwa karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kuiona Australia. Fedha za simu zilizoanza Kenya kwa M-Pesa Machi 2007 zina kasi kubwa zaidi, lakini hakuna atakayezikuta mchangani miaka 800 ijayo.

Kwa haraka

*Sindano:* Pango la Denisova, Siberia. Ni ya mfupa wa ndege, ina tundu la uzi, na umri wake unakadiriwa kufika miaka 50,000.

*Vyombo vya uvuvi:* Katanda, bonde la Semliki, Kongo. Ncha za mfupa zenye meno, za miaka 90,000 hivi, zikiwa pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Ndoana za kale zaidi, za gamba, ni za Okinawa, Japani, miaka 23,000.

*Kapu:* Jangwa la Yudea, miaka 10,500. Limefumwa, lina kifuniko, na linaingia zaidi ya lita 90. Muuza omena angeridhika nalo.

*Kiatu:* Ndara za magome ya mimea kutoka Fort Rock, Oregon, Marekani, zilizopatikana mwaka 1938. Umri: zaidi ya miaka 9,000. Kiatu cha ngozi cha kale zaidi ni cha Areni, Armenia, miaka 5,500.

*Gurudumu la mbao lenye ekseli:* Vinamasi vya Ljubljana, Slovenia, zaidi ya miaka 5,100.

Vichanga kuliko vyote: baiskeli na mpaka

Karl Drais aliendesha mashine ya magurudumu mawili huko Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817, akiisukuma kwa miguu ardhini. Pedali zilikuja miaka ya 1860. Baiskeli tunayoijua, yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na mnyororo wa kuendesha la nyuma, ilitoka Coventry, Uingereza, mwaka 1885 kwa mikono ya John Kemp Starley. Busia iliiongezea jambo moja lililoenea Afrika nzima: kiti chenye mto nyuma na abiria anayelipa. Katika miaka ya 1960 vijana wa hapa walianza kuwavusha watu katika nafasi iliyo kati ya vituo vya forodha vya nchi mbili, na hapo ndipo bodaboda ilipozaliwa. Kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, biashara hiyo ilikuwa imepita nusu karne.

Na mpaka? Kabla ya Aprili 1902 haukuwepo hapa. Busia, Malaba, Kisumu na nchi yote hadi Naivasha vilihesabiwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Waingereza walipolihamishia upande wa Kenya, mstari mpya ukapita katikati ya Wateso na Wasamia, ukaacha miji miwili iitwayo Busia na miwili iitwayo Malaba. Hata baiskeli ya Starley inauzidi umri kwa miaka 17.

Ukiutazama upya mpangilio huu utaona kitu: Kalambo iko mpakani, Border Cave iko mpakani, Ishango iko jirani na mpaka, Kakapel iko karibu na mpaka. Wakoloni walichora mistari yao juu ya mito, maziwa na vilima kwa kuwa vilionekana wazi kwenye ramani. Watu wa kale walikwisha kuvichagua hivyo hivyo kwa maji, samaki, mawe mazuri na vivuli vya miamba. Mahali palipokutanisha watu ndipo palipofanywa pa kuwatenganisha.

Rekodi ijayo inaweza kutoka katika shamba la msomaji wa makala haya. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa. Jembe likigonga kigae chenye nakshi, mabaki ya tanuri la chuma au jiwe la kusagia, usikiuze, usikivunje, wala usikisogeze. Mwambie chifu au maafisa wa Makavazi ya Kitaifa. Na ukifika Malaba ukiwa na nusu siku ya ziada, nenda Kakapel. Usiandike jina lako mwambani. Walioandika yao kabla yako ilibidi yasafishwe.